Usitume, au Tuma? Sarufi ya Kuhangaikia na Sarufi ya Kuachia Muda

"Hapana tuma mzigo leo."

Maneno hayo manne aliyaandika kwenye simu jirani yangu wa hapa Makindye, Kampala, mama anayeuza mchele katika soko la Ggaba, akimwandikia mfanyabiashara wa Kahama, Tanzania, anayemletea mzigo. Mama alimaanisha asitume, stoo bado imejaa. Yule wa Kahama asubuhi hiyo alikuwa amemwuliza kama angoje hadi Ijumaa, kwa hiyo alisoma: "Hapana, tuma mzigo leo." Magunia yakapakiwa, yakavuka mpaka wa Mutukula, yakafika Ggaba pasipo nafasi ya kuyaweka wala pesa ya kuyalipia. Jioni moja tulikaa na mama huyo kibarazani kwake tukausoma ujumbe ule mara tatu, mara nne. Kila mmoja wao alikuwa na haki kwa namna alivyoelewa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu swali ninaloulizwa kila wiki ni lile lile: "Kama mtu amenielewa, sarufi ya nini?" Wapo pia wanaoniandikia kutoka upande wa pili, wale walioingiwa na woga. Kiswahili cha kutosha wanacho, lakini hawafungui mdomo mpaka wahakikishe kila ngeli imekaa mahali pake, na wakati huo mteja amekwishaondoka.

Jibu langu kwa wote ni moja. Sarufi idai jasho lako pale kosa linapobadilisha nani ametenda, lini, kiasi gani, na kama ni ndiyo au hapana. Kwingine ongea, utajirekebisha ukiwa njiani.

## Kwanza tuliondoe suala la kuchekwa

"Wakenya na Watanzania watanicheka." Naisikia sentensi hii kuliko nyingine yoyote, na huwa nawaambia wenye hofu hiyo washuke Kabalagala au Kansanga siku yoyote jioni wakasikilize. Kansanga, penye Kampala International University, utamsikia mwanafunzi Mkenya akisema "kitabu yangu" bila kusita. Mbele kidogo Mkongo anaulizia "batoto" wake. Mtu wa Mombasa asilia, ambaye hakuna atakayethubutu kumwambia hajui Kiswahili, anaweza kukuita kwa kusema "ndoo!", nawe ukatafuta ndoo ya maji ilipo, kumbe anakuambia njoo. Wote hao wanauza, wananunua, wanapanga nyumba, wanaoana.

Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya lahaja moja, Kiunguja, na waliobaki wote walijifunza. Wala si kweli kwamba sisi wa Kampala ni wageni kabisa katika kazi hiyo: kamati iliyosimamia Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki ilihamishiwa Makerere mwaka 1952 na kukaa huko miaka kadhaa.

Atakayekucheka yupo, sikufichi. Ukikutana naye, fanya hivi:

- Usiombe radhi. Mwulize, "Ninyi mnasemaje?" Hapo hapo amekuwa mwalimu wako.
- Rudia alivyosema, kwa sauti, mara moja.
- Endelea na habari yako ulipoishia. Kosa halikuja kuvunja mazungumzo, kwa hiyo usiruhusu marekebisho yayavunje.

## Makosa ya kuachia muda

Haya hayatakukosesha nauli wala rafiki. Yaache yarekebike polepole:

- "Gari yangu imeharibika" badala ya "gari langu limeharibika". Hata Nairobi nzima inasema hivyo.
- "Watu mingi", "vitu mingi". Masikio ya msomi yatawasha kidogo, lakini maana imefika.
- "Ile kiti" badala ya "kile kiti".
- Kuchanganya "hapa", "pale" na "huku", maadamu kidole chako kinaonyesha.
- Kuchomeka neno la Kiganda au la Kiingereza katikati pale la Kiswahili linapogoma kuja.

Sisemi makosa haya ni sahihi. Nasema yana subira. Mtu anayejifunza lugha ana nguvu kidogo za kugawa kwa siku, na mimi nataka uzitumie kwenye kitenzi.

## Makosa yanayogharimu

Hapa tutakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

"Hapana" si kikanushi. Hili ndilo lililomponza mama wa mchele. Kiswahili kilichoenea Uganda kwa sehemu kubwa kilipitia kambi za askari, tangu enzi za King's African Rifles, na huko kukanusha kulikuwa rahisi: weka "hapana" mbele ya kitenzi, umemaliza. "Mimi hapana jua." "Wewe hapana kuja." Ana kwa ana utaeleweka, kwa kuwa sauti na uso vinasaidia. Kwenye ujumbe wa simu, ambako watu hawaweki hata nukta, "hapana tuma" ina maana mbili zinazopingana. Dawa yake ni silabi mbili:

- Usitume. Usije. Usimpe. Usilipe.

Jifunze "usi-" kabla ya kitu kingine chochote. Na unapojibu swali kwa "hapana", weka nukta, kisha anza sentensi mpya.

Sijalipa, sikulipa, silipi. Kijana mmoja wa Lukuli, mpangaji, alifuatwa na mwenye nyumba tarehe tano ya mwezi. Akajibu kwa uungwana kabisa: "Mzee, silipi." Alitaka kusema bado, kesho kutwa mshahara unaingia. Mzee alisikia jeuri: huyu hana nia ya kulipa, sasa wala baadaye. Ilibidi mwenyekiti wa mtaa (LC1) aitwe. Ona tofauti:

- "Sijalipa" ni bado, nitalipa.
- "Sikulipa" ni kwamba wakati ule haikutolewa hata senti.
- "Sitalipa" ni uamuzi wa kesho.
- "Silipi" ni msimamo, na kwa mdai ni sawa na kumfungia mlango.

Ukiwa na deni, neno lako ni "sijalipa", na ukitaka kulilainisha, "bado sijalipa, mzee, naomba unipe hadi Jumatatu".

Nani anamdai nani. "Ananidai" na "namdai" zinatofautiana kwa silabi, lakini kati yake kuna pesa. "Nilimpa" na "alinipa" vivyo hivyo. Kabla ya kutuma ujumbe wowote unaohusu pesa, weka kidole kwenye kitenzi ujiulize: mtendaji ni nani, mtendwa ni nani? Kama una shaka hata kidogo, taja majina kamili. "Mimi nilimpa Mama wa dukani 40,000" haina uzuri, lakini hakuna atakayeipindua.

Mkia wa kitenzi. Soma hizi kwa sauti:

- Nimelipa: pesa imetoka kwangu.
- Nimelipwa: pesa imeingia kwangu.
- Nimemlipia: nimetoa kwa niaba yake.
- Nimelipishwa: nimetozwa, pengine bila kupenda.

Ndugu hawa wa kitenzi wanafanana sana usoni. Wale wanaosumbua zaidi hapa kwetu ni "kukopa" na "kukopesha". Kiingereza chetu cha Kampala hutumia neno moja kwa kukopa na kukopesha, na tabia hiyo tunaivusha hadi kwenye Kiswahili. "Naomba unikope elfu kumi" si ombi la mkopo. Sema "naomba unikopeshe". Na neno "kuazima" lina ukungu wake hata kwa wenye lugha, maana mtu huazima kwa kupewa na huazima kwa kutoa. Kwenye maandishi ya biashara mimi siligusi.

Tarakimu. Hii si sarufi ya vitabuni, ila ndiyo inayoniletea malalamiko mengi.

- "Laki moja na hamsini": ni 150,000 au 100,050? Ukiandika, weka tarakimu.
- Kiganda huhesabu kwa makumi ya maelfu, *omutwalo*. "Mitwalo mitano" ataielewa wa hapa tu. Kwa Mtanzania sema "elfu hamsini".
- Shilingi ni tatu: ya Uganda, ya Kenya na ya Tanzania, na thamani zake haziko karibu. Taja ya nchi gani kila mara, hata kama unadhani inajulikana.
- Saa tunahesabu sawa, Kiganda na Kiswahili, lakini simu haihesabu hivyo. Andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno. Anayeona "2:00" anaweza kufika mchana.

## Maneno ya nyumbani yanayovaa nguo za Kiswahili

Ukiwa Muganda, maneno mengi ya Kiswahili utayapata bure, na hiyo ni baraka. Machache kati yake, hata hivyo, yanafanana kwa sura tu. Haya matatu nayasikia kila siku:

- *Okulinda* ni kungoja. Kwa Kiswahili, kulinda ni kuweka ulinzi. Ukimwambia dereva wa bodaboda "nilinde hapa", atashangaa unaogopa nini. Sema "ningoje" au "nisubiri".
- *Okufumba* ni kupika. Kwa Kiswahili tunafumba macho. Chakula tunakipika.
- *Okuzina* ni kucheza ngoma. Kwa Kiswahili, kuzini ni kufanya zinaa. Dada mmoja alimwambia shemeji yake wa Mombasa, kwa furaha zote, kwamba "tulizina usiku mzima" kwenye harusi ya binamu yake. Aliyekuwa akitafsiri ilibidi awahi. Sema "tulicheza".

Weka orodha yako mwenyewe nyuma ya daftari. Kila unapoona mtu amekukazia macho ghafla, muulize neno gani limemshtua, uliandike.

## R, L na H

Kwa Kiganda, r na l ni ndugu wanaopeana zamu: r hukaa baada ya e na i, l hukaa kwingine. Kiswahili hakijui zamu hiyo, na ndiyo sababu "habari" inatoka "habali". Mara nyingi haina madhara. Lakini "kupiga kura" ikitoka "kupiga kula", au "mahari" ya binti ikawa "mahali", watu wanapotea katikati ya jambo zito.

Usijaribu kurekebisha ulimi wote kwa mara moja. Chagua maneno kumi unayoyatumia kazini yenye r au l, uyaseme kila asubuhi ukiwa njiani. Dereva wa takisi achague "barabara", "rudi", "kulia". Mwuguzi achague "homa kali", "kulala", "kura" haihitaji. Na h usiimeze: "hapa", "hela", "hawajaja". Ukiacha h ya "hawajaja" unabaki na "awajaja", na msikilizaji anahangaika kujua kama umekanusha au la. Hapo h inabeba ile "hapana" yako.

## Ngeli: daraja unalo tayari

Wasomaji wengi huniambia, "Mwalimu, ngeli zimenishinda." Kwa Muganda, Mnyankole au Msoga siwezi kulikubali neno hilo, kwa sababu lugha ya mama yako ina ngeli nyingi kuliko Kiswahili na wewe huzikosei hata usingizini. Tazama:

- *Ekitabu kyange*: kitabu changu
- *Ebitabu byange*: vitabu vyangu
- *Ennyumba yange, ennyumba zange*: nyumba yangu, nyumba zangu
- *Eggi lyange*: yai langu
- *Omwana wange*: mwana wangu

Sikiliza "kyange" inavyotamkwa, kisha sema "changu". Sauti ni ile ile. Anayesema "kitabu yangu" akiwa amezaliwa Buganda amekiweka kando Kiganda chake na kuazima kasoro ya mtu mwingine. Kwa hiyo zoezi langu kwako ni moja: kabla hujasema, sikia Kiganda chake kichwani. Si kila mara kitakupa jibu (*omuti gwange* haikupeleki moja kwa moja kwenye "mti wangu"), lakini kitakupa taarifa kwamba hapo pana upatanisho wa kufanya.

Kama wewe ni Mwacholi, Mlango, Mteso au Mlugbara, daraja hilo huna, na usikubali mtu akuambie ni uzembe. Anza na ngeli ya watu: m-, wa-, a-, wa-. "Mtoto analia, watoto wanalia." Watu ndio tunaowazungumza mchana kutwa. Ukiimudu hiyo, ongeza ki- na vi-. Nyingine zitafuata zenyewe kwa kusikia. Wengi wenu, nimeona, mna Kiswahili chepesi mdomoni kuliko sisi wa Kampala, kwa sababu hamkukiogopa.

## Sentensi isiyo na kosa inayoweza kuumiza

Wazee wa Kampala wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Askari walikuwa wakizingira mtaa alfajiri, watu wanatolewa ndani, na amri ni maneno mawili: "Panda gari." Misako ile ilibaki na jina hilo hilo, *panda gari*. Wapo waliopanda wasirudi.

Ichunguze sentensi hiyo kisarufi. Haina kasoro. Mwalimu yeyote angeiwekea alama ya vema. Na bado kuna mama wa umri wangu hapa juu ya kilima cha Makindye, karibu na kambi ya polisi wa jeshi, ambaye mpaka leo hataki Kiswahili kisemwe sebuleni kwake. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Matamko hayo hayajamwondolea mama huyo kile alichokisikia mlangoni. Mimi namheshimu kwa hilo, na simlazimishi.

Ninachowaomba ninyi mnaojifunza ni kutokirithi Kiswahili cha amri. Wengi mmekisikia kwanza kwa askari wa zamu, mkadhani ndivyo kilivyo: leta, kaa, toka, simama. Kiswahili kina adabu nyingi kuliko hiyo, na adabu yake imo ndani ya kitenzi:

- Badala ya "leta maji", sema "naomba uniletee maji".
- Badala ya "kaa", sema "karibu uketi". Wakiwa wengi, "karibuni mketi".
- Badala ya "nipe pesa yangu", sema "naomba unisaidie pesa yangu".
- Kwa mtu mzima wa Tanzania au wa pwani, anza na "shikamoo". Akijibu "marahaba", mlango umefunguka, na makosa yako yote yanayofuata yatasamehewa.
- Usione haya kubaki na *ssebo* na *nnyabo* katikati ya Kiswahili chako ukiwa hapa Kampala. Ni heshima ya mahali petu, na mgeni huijifunza haraka.

Nikiwekewa mtu anayesema "naomba uniletee ile kiti" na mwingine anayesema "lete kile kiti", wa kwanza ndiye ninayetaka awe jirani yangu.

## Pale usipotakiwa kubahatisha

Kuna sehemu mbili ambapo nasimama na kuacha huu upole wangu wote.

Kwenye dawa. "Umpe kabla ya kula" na "usimpe kabla ya kula" zinatenganishwa na silabi moja, nayo humezwa kwa urahisi chumba kikiwa na kelele za watoto. Mgonjwa au mwuguzi, fanya hivi:

1. Sikiliza hadi mwisho.
2. Rudia maelekezo kwa maneno yako: "Kwa hiyo nimpe kimoja asubuhi na kimoja usiku, akishakula. Ni hivyo?"
3. Usikubali kutikisiwa kichwa. Ngoja neno "ndiyo".
4. Kama lugha inakwama, ita mtu. Kansanga na Katwe zina wakimbizi wengi wa Kongo, na huwa hakukosi wa kutafsiri kwenye foleni. Muulize kwanza mgonjwa kama anaridhia, maana ugonjwa ni siri yake.

Kwenye maelezo ya polisi na mahakamani. Kiswahili kina mizizi mirefu katika polisi ya Uganda, na unaweza kujikuta unahojiwa kwacho ukidhani unakiweza kwa sababu sokoni unakiweza. "Nilikuwa nampiga", "nilimpiga" na "alinipiga" ni maelezo matatu tofauti kabisa. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 23, inataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ibara ya 28 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haielewi lugha ya kesi. Dai haki hiyo kwa upole na kwa uthabiti. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha yako. Hata kama Kiswahili chako kinasifiwa mtaani kote, siku hiyo kiache nyumbani.

Barua za kazi ni jambo jepesi zaidi. Huko makosa yote yanahesabiwa, hata "ile kiti", kwa sababu anayesoma hana uso wako wala sauti yako, ana karatasi tu. Mpe mtu wa pili aisome kabla hujaituma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu itakusaidia na maneno, lakini sentensi zinahitaji macho ya mtu.

## "Mwanangu anajifunza shuleni. Kiswahili changu kitamharibu?"

Hapana. Zungumza naye. Kitakachomharibu ni kumkatiza.

Mtoto akirudi akasema, "Mama, kitabu yangu imepotea," usimwambie "umekosea, sema tena." Mtoto amepoteza kitabu, na hicho ndicho kilio chake. Mjibu: "Kitabu chako kimepotea? Ulikiweka wapi?" Amesikia "chako", amesikia "kimepotea", amesikia "ulikiweka", na hakuna aliyemwaibisha. Ukirudia hivyo mwezi mzima utamsikia anajirekebisha mwenyewe. Na kama hujui namna sahihi, mwulize mwalimu alivyowafundisha. Watoto wanapenda sana kumfundisha mzazi.

## Dakika 10 kwa siku

Chukua kitenzi kimoja tu unachokihitaji kazini. Muuza duka achukue "kulipa", fundi achukue "kutengeneza", mama wa nyumbani achukue "kupika". Kisha:

1. Kiseme katika nyakati tatu: nimepika, nilipika, nitapika.
2. Kikanushe kimoja kimoja: sijapika, sikupika, sitapika.
3. Badilisha mtu: umepika, amepika, tumepika, wamepika.
4. Kipe mtendewa: nimempikia, amenipikia. Simama hapa urudie, maana ndiyo hatua inayorukwa na wengi.
5. Kiombe kwa adabu, kisha ukataze: naomba upike, naomba usipike.

Kesho chukua kingine. Usiandike kwanza, sema. Ukiandika utajiona unajua, na mdomo utakuumbua mbele ya mteja. Wiki ya tatu ndipo watu huniambia wameona tofauti, na wengi wao hawajafungua hata ukurasa mmoja wa ngeli.

Makosa mawili ya wanafunzi wenye bidii: kukariri orodha ndefu za majina ya vitu bila kitenzi hata kimoja, na kuiachia simu iandike kwa niaba yao. Simu iliyowekwa Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili bila kukuuliza. Zima marekebisho hayo, au usome ujumbe wako mara ya pili kabla ya kuutuma.

## Ukishakosea

Ujumbe umekwenda, na sasa umeona ulivyoandikwa. Usitume wa pili juu yake, kwa sababu msomaji atabaki na mbili asijue afuate upi. Piga simu. Taja ujumbe wenyewe, toa maana yako kwa kitenzi kimoja kilicho wazi, kisha mwombe mwenzako arudie.

Mama wa Ggaba anaendelea kununua mchele kwa yule yule wa Kahama. Wiki iliyopita nilikuwa dukani kwake alipompigia, mkono mmoja ukiwa ndani ya gunia akipima punje kwa vidole. "Baba, shikamoo. Ule ujumbe wa asubuhi nimeuandika vibaya. Leo usitume. Utume Jumatano, magunia ishirini. Naomba urudie." Sauti ya upande wa pili ilisikika hadi nilipokaa: "Marahaba, mama. Leo nisitume. Nitume Jumatano, ishirini."

"Ndiyo," akasema, akakata simu, akaendelea kupima.